Kabla hujamkataa kuku chotara uani kwako

Wafugaji wa uani hapa Dar es Salaam wakikutana, chotara, yaani kuku wa mbegu mchanganyiko, hasifiwi. Si kienyeji, si wa kisasa. Supu yake haina utamu, halalii mayai, tena ni mlaji. Ukweli umo ndani ya maneno hayo, ila mizani waliyompimia ni ya kijijini.

Kijijini kienyeji hana mpinzani. Alfajiri anatoka kujitafutia mchwa, mbegu na majani, jioni anarudi bandani akidai konzi ya pumba tu. Mayai yake 40 hadi 60 kwa mwaka karibu yote ni faida. Sasa mlete Tabata, kwenye ua wenye ukuta na sakafu ya zege. Mchwa atamtoa wapi? Kila anachodonoa kimenunuliwa.

Hesabu hii ndiyo inayoninyima raha. Tuseme kienyeji huyo anakula gramu 80 kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 29. Akitaga mayai 50, kila yai limekula karibu gramu 580. Chotara kama Kuroiler ana mwili mkubwa, basi mhesabie gramu 120, yaani kilo 44 kwa mwaka. Akitunzwa vizuri anataga mayai 150 hivi, na yai moja linakula chini ya gramu 300. Ni nusu ya lile la kwanza! Hata chotara wako akiwa mvivu, akaishia mayai 110, yai lake halizidi gramu 400. Anayenunua chakula kwa kilo ataiona tofauti hiyo kila mwisho wa mwezi.

Na kulalia mayai je? Hapo ndipo hoja ya wenzangu ina nguvu kweli. Kuku anayelalia siku 21 kisha akalea vifaranga anakuachia kundi lisilohitaji mashine wala safari ya kununua vifaranga. Chotara kila awamu mpya ni fedha nyingine, na ukitotolesha mayai yake nyumbani, watoto hawafanani naye kwa ukuaji wala utagaji. Lakini wiki zote hizo za kulalia na kulea, kienyeji hatagi, nawe unaendelea kumlisha.

Kuku wa mayai hasa hutaga zaidi ya 280 kwa mwaka, ila mwili wake mdogo. Familia inataka yai la asubuhi na kitoweo cha sikukuu. Vifaranga 20 vya chotara visivyochaguliwa jinsia, karibu nusu ni majogoo, na hao ndio kitoweo.

Dai la kwamba kienyeji haugui silikubali kabisa. Ugonjwa wa mdondo (Newcastle) unafagia banda lote la kienyeji kwa siku chache. Awe kienyeji au chotara, tone la I-2, chanjo ya mdondo, jichoni kila miezi mitatu ni lazima.

Kwa utamu kienyeji anashinda, na sokoni bei yake iko juu. Mwenye eneo la wazi kule Chanika amfuge bila wasiwasi. Wa Tabata aagize vifaranga vya chotara Agosti: Krismasi majogoo watakuwa tayari kuchinjwa, na kuanzia Januari au Februari mitetea wataanza kutaga.