Gesi ya kutuliza kwa daktari wa meno: Lamu tunaihitaji kweli?

Anayeogopa daktari wa meno Lamu ana dawa zake: karafuu, maji ya chumvi, vidonge vya dukani, na subira mpaka shavu livimbe. Akija kukaa kwenye kiti, gego limeshaoza hadi mzizi. Habari ya kuziba imepita, ni kung'oa tu. Kwa hiyo wanaotaka tuletewe gesi ya kutuliza wasikilizwe, hata kama wengine wanaiona ni anasa ya kliniki za Nairobi.

Gesi yenyewe ni naitrasi oksaidi, maarufu kama gesi ya kicheko. Si ngeni. Mwaka 1844 daktari wa meno Mmarekani, Horace Wells, aliivuta kisha akang'olewa jino lake mwenyewe. Siku hizi huchanganywa na oksijeni, na mashine za kisasa hazikubali oksijeni ishuke chini ya asilimia 30. Mgonjwa huvuta kwa pua kupitia barakoa ndogo. Baada ya dakika chache mabega hushuka na mikono iliyokamatia kiti hulegea. Anasikia na anajibu. Akiambiwa fungua mdomo, anafungua. Kazi ikiisha hupewa oksijeni tupu kwa dakika kama 5, akainuka kwenda zake. Nusukaputi haiko hivyo.

Lakini sindano iko pale pale. Gesi hupunguza hofu, na maumivu kwa kiasi; ganzi ndiyo inayolifisha jino. Kliniki itakayowaambia wazazi kwamba sindano imekwisha itakuwa inauza maneno.

Atakayefaidi zaidi ni mtoto wa miaka sita mwenye magego manne mabovu, mabuyu na barafu za sukari vikiwa vimefanya kazi yao. Leo mtoto huyo hushikwa: mama kichwa, shangazi miguu, "tulia mwanangu, si kitu," na kumbe ni kitu. Akikua hataki hata kupita karibu na mlango wa kliniki. Akihitaji nusukaputi, huenda safari ikawa ya Mombasa: boti hadi Mokowe, basi kupitia Witu, Garsen na Malindi, nauli, malazi, na baba kukosa siku kadhaa za kuvua. Hapa watetezi wa gesi wamenishinda, sina la kujibu.

Shaka yangu iko kwenye oksijeni. Kila mtungi unaotoka bara huvuka maji kwa boti, kisha husukumwa kwa mkokoteni. Oksijeni ikikatika, mashine nayo hufunga gesi. Mgonjwa yu salama, kazi imesimama. Na mtungi ukiwa mmoja, kati ya mtoto mchanga asiyeweza kupumua na jino, hakuna wa kuuliza nani atangulie.

Kuna pia gesi inayovuja. Chumba cha nyumba ya mawe mjini, kuta nene, kidirisha kimoja, nacho kimefungwa kwa sababu ya kiyoyozi: msaidizi wa daktari ataivuta kutwa, na kuivuta muda mrefu bila bomba la kuitoa nje kumehusishwa na matatizo ya uzazi. (Huko nje nako huongeza joto la dunia, ila kwa mashine moja sitalipigia kelele.) Mgonjwa mwenyewe naye si yeyote tu: aliyeziba pua kwa mafua haimfai, na mjamzito wa miezi ya mwanzo huahirishiwa.

Wazee watauliza: si inalevya? Na Ramadhani je? Kuhusu saumu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1997 liliweka gesi za ganzi miongoni mwa visivyofunguza, maadamu mgonjwa hatiwi maji ya lishe. Swali la ulevi tuwaachie mashekhe, ila waulizwe kabla mashine haijafika, si baada ya uvumi kuenea barazani.

Mimi ningeiweka hospitali ya kaunti, si kliniki ya mtu, na ningetenga siku maalumu za watoto na za wenye ulemavu wasioweza kutulia kitini. Na kabla ya kutia saini, mnunuzi aonyeshwe kwa macho yake mitungi ya akiba, bomba la kutoa gesi nje, na fundi atakayekuja mashine ikiharibika wakati wa kusi, boti zikisuasua.