Kocha akiondoka, jirani huja na kapu

Mwulize shabiki wa futiboli wa Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani, siku iliyomuuma zaidi miaka hii ya karibuni. Huenda asikutajie mechi hata moja. Atakutajia Jumatano, Januari 10, 2024, siku kocha Nick Saban alipong'atuka baada ya kukipa chuo kile mataji sita ya taifa. Ijumaa yake tu walikuwa wameshamchukua kocha Kalen DeBoer kutoka Chuo Kikuu cha Washington. Siku mbili. Na bado majirani, yaani vyuo vingine, walishafika mlangoni na makapu yao ya kubebea wachezaji.

Kwa asiyefuatilia futiboli ya Kimarekani, usajili wa vyuo hauko kama wa Simba na Yanga, klabu kwa klabu na ada mezani. Kocha hufunga safari hadi sebuleni kwa wazazi wa kijana wa sekondari, akakaa, akasifia chakula, akaahidi kumlea mtoto wao. Kijana akiridhika hutoa neno, lakini neno hilo halimfungi mpaka asaini. Mimi naona ni posa kuliko usajili. Tatizo ni kwamba katika posa hii, anayeweza kutoroka kabla ya harusi ni mshenga mwenyewe.

Kanuni za wakati ule zilisema kocha mkuu akiondoka, wachezaji wake wanapewa siku 30 za kuhama wakitaka. Alabama ikaonja. Caleb Downs, beki wa nyuma ambaye mwaka wake wa kwanza tu aliongoza timu nzima kwa kuangusha wapinzani, akaenda Ohio State. Julian Sayin, kwotabeki (yule mrushaji mkuu wa mipira) aliyekuwa ndiyo kwanza ametua chuoni, akamfuata bila kucheza hata dakika moja Alabama. Isaiah Bond, yule aliyewaliza mahasimu wao Auburn Novemba 2023 kwa mpira wa dakika za mwisho, akachukuliwa na Texas. Kadyn Proctor akarudi kwao Iowa, kisha mwezi Machi akabadili mawazo na kurejea Alabama (sijui wenzake walimpokeaje, ningependa kuwepo).

Mashabiki wakapiga kelele kwamba wameibiwa. Siafikiani nao. Alabama ilikuwa imetoka kumchukua kocha wa watu siku nne baada ya timu yake kufungwa na Michigan 34 kwa 13 kwenye fainali. Washington nao wakamchukua Jedd Fisch wa Arizona. Arizona wakamfuata Brent Brennan wa San José State, na San José State wakamwajiri Ken Niumatalolo. Watu wazima wanne wamehama viti ndani ya mwezi mmoja, hakuna aliyeitwa mwizi. Kijana wa miaka 19 akibeba begi lake, ndiye msaliti?

Tena vijana wana uaminifu kuliko wanavyopewa sifa. Pale Arizona, Noah Fifita na Tetairoa McMillan, marafiki waliotoka sekondari moja, walibaki. Fisch ameshaondoka, wao wakabaki na kocha ambaye hakuwasajili yeye.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Ryan Williams wa Saraland, karibu na Mobile. Alikuwa ameshawapa Alabama neno lake. Saban alipostaafu, akalifuta. Hapo Auburn, mahasimu wa jimbo hilo hilo, wakaona mlango uko wazi. Kumpata mtoto wa nyumbani kutoka mikononi mwa Alabama ni ushindi mara mbili, maana unajiongezea na unampunguzia adui, na kila Novemba mnapokutana unamkumbusha. Kama wiki mbili hivi DeBoer hakuwa na kazi kubwa kuliko kumrudisha kijana huyo. Williams akarudi Alabama. Septemba 28, 2024, akiwa na miaka 17, alidaka mpira dhidi ya Georgia, akazunguka, akawapita walinzi na kufunga kwa mchezo wa yadi 75. Alabama wakashinda 41 kwa 34. Mimi nahesabu kwamba ushindi ule ulipatikana Januari, si Septemba, na Auburn wanajua walivyokuwa karibu.

Kwa hiyo sina neno na jirani mwenye kapu. Nyumba ikiachwa wazi, kuku watatembea. Niliye na neno naye ni kocha anayeondoka na kuku mwenyewe. Novemba 30, 2025, kocha Lane Kiffin aliiacha Ole Miss (Chuo Kikuu cha Mississippi), timu iliyokuwa karibu kabisa kushika tiketi ya mchujo wa taifa, akaenda LSU ya Louisiana, mahasimu wa ligi hiyo hiyo ya SEC. Dirisha la vijana wa sekondari kusaini lilikuwa linafunguliwa siku tatu baadaye. Orodha ya vijana wa Ole Miss anaijua kichwani, namba za wazazi zimo kwenye simu yake, na anajua nani mama yake ndiye mwenye uamuzi. Hakuna mpinzani mwenye silaha kama hizo.

Ningekuwa na kura, ningeweka kanuni moja: kocha anayehamia ndani ya ligi ileile asiruhusiwe kusaini, msimu huo, kijana yeyote aliyekuwa amekipa neno lake chuo alichokiacha kocha huyo. Kijana akitaka kwenda kwingine, aende, vyuo viko tele. Aliyekuja kumposa kwa niaba ya wengine ndiye asimwoe yeye mwenyewe.