Parokia ya Bagamoyo si mnara wa Livingstone tu

Asante kwa makala yenu ya vivutio vya Bagamoyo, ila parokia yetu imepewa mistari miwili tu, yote ya mwili wa mpelelezi Mskoti David Livingstone kulazwa pale Februari 1874. Hata Chuma na Susi, watumishi wake walioubeba kutoka bara mpaka pwani, hamkuwataja!

Mapadre Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar mwaka 1868 wakaanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa. Hao ndio waliolima mashamba ya misheni, wakajenga, wakajifunza ufundi, wakaoana na kulea watoto. Kipindupindu cha 1869 kiliua wengi, kimbunga cha 1872 kikabomoa majengo, wakaanza upya. Pitieni na makaburini msome miaka kwenye misalaba ya wamisionari: wengine walikufa vijana kabisa.

Halafu mmeandika kana kwamba pale ni makumbusho matupu. Jumuiya ndogondogo za Kikristo zinasali nyumba kwa nyumba, na ukitokea msiba akina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) na majirani zao Waislamu wanamenya vitunguu jamvi moja. Mkija tena, kaeni na wazee wa jumuiya na katekista, msiishie kupiga picha mnara na mbuyu.