Gesi ya Friji Haiishi, Huvuja

Karibu kila wiki mwenye hoteli fulani hapa Nairobi hunipigia simu akisema kwamba gesi ya friji yake imeisha. Naelewa neno hilo lilikotoka, kwa sababu mtungi wa kupikia ulio kando ya friji hiyo huisha kweli. Gesi ya friji, hata hivyo, haitumiki ikaisha. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na kiasi kilichotiwa kiwandani kinaweza kukaa humo miaka mingi. Ikipungua, imetoka mahali. Ndiyo maana nashikilia kwamba fundi anayeongeza gesi bila kutafuta inakotokea hajatengeneza kitu, na siku hizi anawahatarisha wote waliomo jikoni.

Nasema siku hizi kwa sababu friji nyingi mpya za biashara hutumia R-290, yaani propani. Gesi tulizozoea, R-134a na R-404A, haziwaki katika hali ya kawaida, lakini R-404A hupasha dunia joto takriban mara 3,900 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule, kwa hiyo naunga mkono kuachwa kwake. Propani nayo huwaka ikifika karibu asilimia 2 tu ya hewa, ni nzito kuliko hewa hivyo hutuama sakafuni, na ile ya friji kwa kawaida haitiwi harufu kama ya kupikia, kwa hiyo pua haitakuonya.

Mwaka jana niliitwa katika hoteli moja katikati ya jiji ambako friji ya milango miwili ilikuwa imeongezewa gesi mara tatu. Majiko manne yalikuwa yanawaka, hatua mbili kutoka kwenye kompresa, yaani pampu inayozungusha gesi. “Fundi, niwekee gesi tu, watu wa chamcha wanaingia sasa hivi,” mama mwenye hoteli alinisihi. Nilimwomba azime majiko yote kwanza, nikachomoa plagi, nikafungua madirisha na mlango wa nyuma. Kibandiko kilisema R290, gramu 110. Chini ya kondensa, yaani mabomba yanayotoa joto nje ya friji, mahali bomba lilipokuwa likisuguana na fremu, palikuwa na doa la mafuta lililoshika vumbi, na nilipopaka povu la sabuni pakatokea kiputo kimoja kidogo, kikavimba polepole, kikapasuka, kikaja kingine. “Mama, gesi yako ilikuwa ikitokea hapa,” nilimwambia, naye akainama akatazama kwa muda mrefu.

Kazi iliyofuata haikubali haraka. Gesi iliyobaki niliitoa kwa mpira mrefu hadi uwanjani, mbali na moto na mifereji. Bomba lenye mabaki ya propani hukatwa kwa kikatio, kamwe halifunguliwi kwa moto, na kabla ya kulehemu husafishwa kwa naitrojeni, ambayo ndiyo pia hutumika kupima kama kiungo kimeshika. Asiwepo fundi wa kutumia oksijeni mahali pa naitrojeni, maana oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka.

Kisha huja pampu ya kunyonya hewa, na hapa mji wetu una jambo lake. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ambako hewa husukuma kwa nguvu ndogo zaidi, kwa hiyo geji ya kawaida itasimama kwenye inchi 24 au 25 hivi za zebaki (kipimo cha utupu) hata mabomba yakiwa matupu kabisa. Anayesubiri ifike 30 kama Mombasa atalaumu pampu bure. Mimi hutumia geji ya mikroni, inayopima hewa kidogo sana iliyobaki, nashuka chini ya 500, nafunga valvu na kungoja nione kama itapanda. Gesi yenyewe hupimwa kwa mizani, kwa sababu katika gramu 110, kosa la gramu 20 ni kubwa.

Niongeze kwamba mara nyingi friji isiyopoza haina kinachovuja kabisa: kondensa imezibwa na mafuta ya kukaangia na unga, na brashi pamoja na nusu saa hutosha.

Friji ya yule mama ilirudi nyuzi 4 jioni ile, baada ya chamcha kupita na nyama kuhifadhiwa kwenye barafu. Kando ya kompresa nilibandika karatasi yenye aina ya gesi, gramu, tarehe na mahali palipozibwa, ili fundi ajaye asome kabla ya kuunganisha mpira wake.