Yai la Hajati halikuruka, liliteleza

Kwanza tuelewane: yai halikuruka. Jamaa yangu wa boda ameshaitangazia Katwe nzima, mtaa wetu hapa Kampala, kwamba lilipaa likampiga imamu usoni. Uongo mtupu. Liliteleza. Na hakuwa imamu, alikuwa mwalimu wa madrasa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Hajati alitaka meza ya kupikia roleksi, yaani chapati inayoviringishiwa mayai: fremu ya skwea tyubu (bomba la pembe nne) ya milimita 40 kwa 40, juu pleti ya chuma ya milimita 3, sentimita 90 kwa 60, mkaa chini. Kazi ya asubuhi moja. Nikataka kumfurahisha. Badala ya kuishika pleti kwa pointi chache za kuchomelea, nikaizungushia mshono mmoja mfululizo, pande zote nne, bila kupumua, maana umeme wetu mnaujua. Mshono ulitoka mzuri, wallahi, hadi nikaupiga picha. (Nimeifuta, msiiombe.) Kisha, kwa haraka zangu, nikaumwagia jagi zima la maji upoe.

Kufika kibandani, mguu mmoja ukabaki hewani. Nikamwambia Hajati sakafu yake imepinda, nikachomeka vizibo viwili vya soda.

Sasa njooni asubuhi ya jana. Mkaa umekolea. Wateja benchini, mwalimu mbele yao na kanzu nyeupe, mimi pembeni nasubiri sifa. Hajati akamimina mafuta katikati. Mafuta yakagawanyika, haya kushoto, haya kulia, yakaenda zake. Hapo ningekimbia. Nikabaki natabasamu.

Akakoroga mayai mawili kikombeni, kitunguu, nyanya, kabichi. Akamwaga. Yai likatulia kidogo. Halafu pleti, ambayo kumbe ilikuwa imeanza kutuna kama chapati inayoiva, ikapiga: ko! Yai likashtuka. Likaanza safari, polepole, kwa heshima, limebeba nyanya zake. Kitunguu kimoja kikabaki nyuma kimenata. Hajati akalikimbilia na kijiko, likampita. Likafika ukingoni, likainama juu ya lile goti jeupe. Banange, mikono yangu haikuniuliza. Niliikinga yote miwili, kama mtu anayeomba dua.

Nusu nililidaka. Nusu iliingia kwenye kanzu. Nikapiga yowe ambalo hata wauza ndizi wa ng'ambo walilisikia, na katika kimya kilichofuata mwalimu, akiitazama mikono yangu iliyonyooshwa, akasema: "Amina."

Jamaa wa boda alikuwa hapo na simu yake.

Mzee aliyenifundisha kazi alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, mshono ukipoa hunywea. Umeifinya pleti kingo zote nne, katikati iende wapi kama si juu? Na ule mguu ulioning'inia, fremu nayo umeivuta!" Yote haya aliniambia mwaka wangu wa kwanza: funga klampu, piga pointi pembe kwa pembe, kisha sentimita tatu hapa, ruka, hamia upande wa mkabala, acha chuma kipoe chenyewe. Tena pleti ya kukaa juu ya moto haizungushiwi mshono kabisa, kwa sababu ikipata joto inataka kutanuka, na fremu ya baridi imeikumbatia. Maji ndiyo aliyonitukania zaidi. Matusi yenyewe sitayarudia hapa, watoto wanasoma.

Basi, nimekata mshono wote kwa grainda, pleti mpya kwa pesa yangu, imekaa huru juu ya fremu, vipande vya engo (chuma chenye umbo la L) vinaizuia isihame. Fremu nimeinyoosha, vizibo nimevirudisha. Kanzu nimeifua. Viganja vinapona.

Leo Hajati amemwaga yai, akainama kulitazama kwa muda. Likakaa. Mwalimu naye alikuwepo, anakula akiwa amesimama, ng'ambo ya barabara.