Kwani kota ilianza na Bavuma?

Nilijiapiza nisiandike tena habari za Afrika Kusini, maana kila nikigusa huko naambiwa nina chuki. Lakini juzi mchambuzi mmoja wa michezo, mtu mzima mwenye maiki na wasikilizaji wake, kasema Temba Bavuma, nahodha mweusi wa timu ya kriketi ya huko, yuko kwenye kriketi "kwa kota", yaani kwa nafasi zilizotengwa kwa rangi, halafu akamalizia na ule wimbo wao wa kila siku: siasa iachwe nje ya uwanja. Yote hayo kwa pumzi moja, bila hata kumeza mate katikati.

Bavuma huyu huyu aliyewafunga Australia pale Lord's Juni 2025 na kubeba ubingwa wa dunia wa Test, ile kriketi ya siku nyingi. Alibaki uwanjani akichechemea, msuli wa paja umemvutika, akapata mikimbio 66 huku Aiden Markram upande wa pili akipiga 136. Nchi ilikuwa haijagusa kombe kubwa la kriketi la wanaume tangu 1998. Graeme Smith na AB de Villiers, manahodha weupe waliomtangulia, wakubwa kweli kweli, nawaheshimu wote wawili, walistaafu bila hilo kombe. Kaja mfupi wa Langa, kitongoji cha Cape Town, kalichukua, na bado tunaambiwa amekaa kiti maalumu. Haya, ongezeni viti.

Tuanze na kota basi, kwa kuwa ndiyo mnayoipenda. Timu ya raga ya Afrika Kusini ilicheza mechi yake ya kwanza ya Test, yaani ya kimataifa, mwaka 1891. Mchezaji wa kwanza asiye mzungu kuvaa jezi hiyo ni Errol Tobias, mwaka 1981. Miaka 90. Miaka 90 ya nafasi zote kumi na tano kutengwa kwa ajili ya watu wa rangi moja, ambao hawakufika hata robo ya wananchi, na hakuna mchambuzi aliyeshika maiki kuuliza kama wote walistahili. Mimi nauliza sasa. Walistahili wote? Hakukuwa na kijana mmoja, katika mamilioni yale, aliyejua kukimbia na mpira kuliko winga wao wa mwaka 1955? Raga ya Waafrika wa Eastern Cape ina umri wa zaidi ya karne, vilabu vyao vilikuwepo, ligi zao zilikuwepo, watu walikuwa wanavunjana mbavu Jumamosi hadi Jumamosi kwenye viwanja vya vumbi. Walikuwepo. Hawakuitwa tu.

Na timu za nje zilizoruhusiwa kuja ziliruhusiwa kwa masharti. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda huko 1960 ikiwa imewaacha nyumbani Wamaori wao, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, ili wenyeji wasikwazike. Mwaka 1970 Wamaori wakakubaliwa, lakini kama "wazungu wa heshima". Mtu anavuka bahari kwenda kucheza mpira, anapewa uzungu mlangoni kama koti la kuazima, akiondoka anaurudisha. Hiyo nayo si siasa, eti.

Basil D'Oliveira, mchezaji wa kriketi, mnamjua? Mzaliwa wa Cape Town, kwenye vitabu vya makaburu aliwekwa fungu la machotara, kwa hiyo timu ya nchi yake ilikuwa haramu kwake hata angekuwa na mikono minne. Akahamia Uingereza mwaka 1960, mwaka 1966 akaichezea England. Agosti 1968 akapiga mikimbio 158 dhidi ya Australia pale Oval, na siku chache baadaye kikosi cha kwenda Afrika Kusini kikatangazwa bila jina lake. Sababu za kimpira, walisema. (Ukisikia "sababu za kimpira" shika pochi yako.) Kelele zikawa nyingi, Tom Cartwright aliyekuwa kikosini akaumia, D'Oliveira akaingizwa. Ndipo waziri mkuu wa makaburu, Vorster, akatangaza kwamba timu hiyo haipokelewi. Ziara ikafa. Waziri mkuu wa nchi anachagua kikosi cha kriketi cha nchi nyingine! Halafu Bavuma ndiye kaleta siasa uwanjani.

Soka lilikuwa lilelile. Mwaka 1957, mashindano ya kwanza kabisa ya Mataifa ya Afrika, Afrika Kusini wakataka kupeleka ama timu ya weupe watupu au ya weusi watupu. Mchanganyiko hapana. Wakaambiwa wabaki kwao.

Hapa ndipo mchambuzi wetu angenijibu kwamba waliosusia ndio walioharibu michezo. Hili linanigusa pabaya, kwa sababu bili ya kususia tulilipa sisi. Mwaka 1974 Filbert Bayi alikwenda Christchurch, akatangulia mbele tangu mlio wa bastola, hakushikwa, akavunja rekodi ya dunia ya mita 1500. Nyuma yake alikuwa John Walker wa New Zealand, ambaye naye alimaliza chini ya rekodi ya zamani. Dunia nzima ikawa inasubiri Montreal 1976 wakutane tena. Juni 16 mwaka huo watoto wa Soweto wakapigwa risasi, na kabla mwezi haujaisha All Blacks, timu ya raga ya New Zealand, walikuwa tayari Afrika Kusini wanacheza raga. Afrika ikataka New Zealand waondolewe Olimpiki. Ikajibiwa kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, hivyo haiwahusu. Zaidi ya nchi 20 zikafungasha. Walker akachukua dhahabu, Bayi akiwa nje.

Mzee mmoja katika ukoo wetu mpaka leo ukitaja Montreal anabadilisha mada. Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki katika historia yake yote, zote fedha, zote za Moscow 1980: Bayi kwenye kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui mita 5000. Dhahabu hatuna. Mike Boit wa Kenya naye alikosa mita 800 zake za Montreal. Henry Rono alikosa 1976, akakosa tena 1980, na katikati hapo, mwaka 1978, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Hakuwahi kukimbia Olimpiki hata moja. Kwa hiyo mtu asinifundishe kwamba kususia kuna gharama. Najua gharama, na bado nasema tulifanya sawa. Nasema hivyo nikiwa nimekunja ngumi, lakini nasema.

Picha ya Mandela na Francois Pienaar, nahodha mzungu, siku ya fainali ya Kombe la Dunia la raga, Ellis Park, 24 Juni 1995? Nzuri, mimi pia ilinitoa machozi. Ila imegeuzwa risiti: tazama, deni limelipwa, tuzungumze mengine. Kwenye kikosi kilichoifunga New Zealand 15-12 siku ile asiye mzungu alikuwa mmoja, Chester Williams. Mmoja.

Kinachoniuma zaidi ni Makhaya Ntini. Mwafrika mweusi wa kwanza kuchezea timu ya kriketi ya Test ya Afrika Kusini, 1998. Alimaliza na wiketi 390. Watoto waliigiza mrusho wake, matangazo yalijaa sura yake, yeye ndiye alikuwa ushahidi kwamba nchi imepona. Julai 2020 akaeleza kwenye televisheni ya taifa kwamba miaka yote ile alikuwa mpweke. Hakuna aliyemgongea mlango waende kula. Wenzake walipanga mambo yao mbele ya macho yake wakamruka. Akikaa nyuma ya basi, wao wanakwenda mbele. Kwa hiyo alikuwa anampa dereva begi lake na kukimbia kwa miguu hadi uwanjani, na jioni anakimbia kurudi. Watu walidhani ni mazoezi. Tulimsifu! Tulisema huyu jamaa ana pumzi, tazama nidhamu yake. Mtu alikuwa analikimbia basi.

Tena hiyo ni timu iliyokuwa inashinda, ikiimba wimbo wa taifa wenye lugha tano. Sasa niambie ni kamati gani ya uteuzi, ni kota gani, inayomkalisha mtu kando ya mwenzake kwenye basi.

Nikubali la kukubali, japo shingo upande: kota ni dawa chungu na mara nyingine inapewa mgonjwa asiye mwenyewe. Inamchafulia jina hata aliyestahili mara kumi. Na wanasiasa wanaipenda kwa sababu ni rahisi. Aprili 2016 waziri wa michezo Fikile Mbalula aliwazuia raga, kriketi, netiboli na riadha kuomba kuandaa mashindano makubwa kwa sababu hawajaingiza weusi vya kutosha. Vichwa vya habari vikajaa. Viwanja vya shule za vitongojini vikabaki na mawe yake.

Maana mzizi uko shuleni. Siya Kolisi, nahodha aliyebeba Kombe la Dunia la raga 2019 na 2023, ni mtoto wa kitongoji cha Zwide. Alionekana akiwa na miaka 12 kwenye mashindano ya watoto, akicheza na chupi ya bukta kwa kukosa vifaa, akapewa ufadhili wa kusoma Grey, shule yenye nyasi, makocha na chakula cha kutosha. Kila mtu anaisimulia kama hadithi ya ushindi. Mimi najiuliza juu ya wale wengine waliokuwa uwanjani siku ile, ambao ufadhili haukuwafikia. Makazole Mapimpi hakupita shule za aina hiyo. Alitokea kijijini, akaja kuonekana akiwa mtu mzima kabisa, na ndiye Mwafrika Kusini wa kwanza kufunga trai kwenye fainali ya Kombe la Dunia. Ukimwita wa kota nitakuomba utoke kwenye ukurasa wangu.

Na kwa kuwa mchambuzi anapenda kuhesabu rangi, nimsaidie na hesabu moja. Februari 1996 Bafana Bafana waliifunga Tunisia 2-0 wakawa mabingwa wa Afrika, mabao yote ya Mark Williams, Mandela jukwaani na jezi yake. Kwenye timu iliyojaa weusi, ya mchezo wa weusi, nahodha aliyenyanyua kombe alikuwa Neil Tovey, mzungu. Nimeuliza watu wengi walioishuhudia siku ile. Hakuna hata mmoja anayekumbuka kusikia amewekwa pale kwa kota.