Baba Mkwe na Gia ya Pili

Jamani, nani aliwaambia wazee wakistaafu waanze kuendesha magari kistaarabu? Mimi ni mtu mzima, nina heshima zangu mtaani, hata kwenye kikao cha maji huwa napewa kiti. Sio mtu wa kulalama ovyo. Lakini kwa yaliyonikuta Jumamosi Barabara ya Mandela, nikinyamaza itanipanda presha.

Uzee unageuza watu. Jirani yetu ni mwalimu mstaafu, kafundisha nusu ya mtaa bila kumchapa mtoto. Siku hizi ukigeuzia gari mbele ya geti lake anatoka na fagio la chelewa. Huyo namwelewa kabisa. Kavumilia watoto wa watu miaka yote ile, acha atupige. Wanaonimaliza mimi ni wale waliokuwa wakali wakapoa, na Mungu katika hekima yake kanipa mmoja awe baba mkwe.

Huyu mzee alikuwa dereva wa malori ya mafuta, Dar kwenda Zambia. Alianza kazi kabla reli ya TAZARA haijakamilika. Kitonga, mlima ambao mpaka leo watu wanaushuka wakisali, yeye alikuwa anaushuka huku anapiga mluzi. Matusi yake yalikuwa yanafika Tunduma kabla ya lori. Yupo mzee mmoja pale Manzese aliyewahi kuwa utingo wake. Ukimtajia jina tu, anazima sigara na kusimama.

Sasa mtazame leo. Corolla nyeupe, viti bado vina nailoni alizokuja nazo muuzaji, usukani umevikwa manyoya, na juu ya dashibodi kimetandazwa kitambaa cha kudarizi, maua mekundu. Anaingia. Anavua kofia. Anavaa miwani, anaivua, anaifuta, anaivaa tena. Anasali. Anageuka kuniuliza kama nimekunywa chai. Ufunguo bado uko mfukoni.

Tulikuwa tunapeleka mahari ya shemeji yangu Kigamboni, saa nne kamili asubuhi, na upande wa binti walishatuma salamu mapema kwamba kuchelewa kuna faini. Mshenga alishatangulia. Bahasha iko wapi? Mfuko wa ndani wa koti la baba mkwe.

"Baba, nikupokee usukani?"

"Mkwe, kaa kwa amani."

Ukiambiwa hivyo na mtu aliyekupa binti yake, unakaa, unafunga mkanda na mdomo.

Kimara hadi Ubungo, gia ya pili. Kule juu kwenye daraja la Kijazi, ambako hata bajaji zinajifanya ndege, gia ya pili. Indiketa ya kulia aliiwasha tulipokuwa tunatoka nyumbani na ikabaki inakonyeza dunia nzima. Mjini sheria inataka isizidi 50. Sisi tulikuwa kwenye 25, tena panapoteremka. Na anapisha! Bodaboda, "pita mwanangu." Bajaji, "pita mwanangu." Likaja guta limebeba chupa tupu, na lenyewe likatupita, yule kijana akageuka kutuangalia kwa huruma, jasho linamtiririka.

Kufika Buguruni, kuku akachoropoka kwenye tenga la bodaboda, akatua katikati ya barabara. Dereva yeyote wa Dar anajua cha kufanya. Baba mkwe akasimama. Akavuta breki ya mkono. Akazima gari.

"Baba, kuku huyu."

"Ameshtuka. Tumpe muda."

Nyuma yetu yapo malori ya kontena yanayowahi bandarini, yanapiga honi mpaka vioo vinatetemeka. Daladala ikajipenyeza ubavuni, konda akatoa kiwiliwili chote dirishani: "Wewe babu, unaendesha au umeegesha?"

Masikio ya mzee nayo siku hizi yana mambo yake. Yeye akasikia anaamkiwa. "Marahaba, mwanangu!"

Konda akaongeza neno siwezi kuliandika hapa, watoto wanasoma.

"Marahaba, marahaba! Wasalimie nyumbani."

Konda wa watu akakosa la kusema. Mimi mwenyewe sijawahi kuona konda amekosa la kusema.

Karibu na Tazara trafiki akatusimamisha. Sitaficha, nilifurahi. Nikasema moyoni, leo serikali itasema nisichoweza kusema mimi. Kijana akasogea, akapiga saluti. "Shikamoo mzee. Yaani madereva wote wangekuwa kama wewe, sisi tungekuwa tunalala."

Mnaona sasa? Mzee akafurahi, akazima tena gari, akaanza kumsimulia miaka ya baada ya Vita vya Kagera, petroli ilivyoadimika mpaka Jumapili ikifika saa nane mchana magari binafsi marufuku barabarani. "Na nani alikufa?" anauliza. Trafiki ameegemeza kidevu dirishani, anasikiliza. Simu yangu inaita, mshenga. Nikaikata. Ikaita tena.

Halafu tozo ya daraja la Kigamboni. Watu wanalipa na kupita. Baba mkwe akataka kujua binti wa kibandani kwao ni wapi. Makambako. Makambako ipi? Kwa sababu yeye aliwahi kupasukiwa tairi Makambako usiku, akalala kwa mtu mmoja mwenye ng'ombe, huenda ndiye babu yake. Binti anacheka, anasema babu yake hakuwa na ng'ombe. "Basi alikuwa na mbuzi?" JAMANI! Nililaza kichwa kwenye yale maua mekundu.

Huko Japani, magari yetu yanakotoka, dereva akifika miaka 70 kuna alama ya rangi nne anashauriwa kubandika kwenye gari, wenzake wamwone na kumpisha. Na akifika 75, kabla ya kuhuisha leseni anapimwa kumbukumbu. Sisi gari tunaletewa na redio yake inayoongea Kijapani, alama wanabaki nayo. Ingawa na kipimo chenyewe baba mkwe angekifaulu vizuri tu. Anakumbuka kila pancha aliyopata toka 1974.

Tulifika saa saba. Faini ikatajwa, na wazee wa pande zote mbili wakakubaliana kwa sauti moja, bila hata kwenda chemba, kwamba atakayelipa ni kijana, maana vijana wa siku hizi hawana muda. Nikalipa. Baba mkwe akanipigapiga begani, "Safi sana mkwe, mambo ya haraka hayana baraka."

Na mama mkwe je? Mama ambaye enzi zote za ndoa yake hajawahi kupandisha sauti, aliyekuwa akimjibu mumewe huku anatazama sakafu? Tumemkuta keshakula, anajichokoa meno kwa kijiti. Alikuja na bodaboda! Kajifunga kanga mbili, kibegi kifuani, na yule kijana aliyemleta bado yuko nje ya geti anapumua, anasema bibi huyu kila akiona mwanya anamgonga mgongoni, "Chomeka hapo! Unaogopa nini?"

Kurudi amekataa katakata kupanda Corolla. Kanivuta pembeni, anataka nimnunulie helmeti yake mwenyewe, ile ya kijana inanuka jasho la watu. Na iwe nyekundu. Sasa mimi hela ya helmeti naitoa wapi, nimetoka kulipa faini sasa hivi? Mke wangu anasema nisimnyime mama yake. Shemeji, mwenye harusi yake, nilipomgusia tuchangie, akajifanya anapigiwa simu.